Mende wa jikoni na mende wa chemba: jeli, kopo, unga au mtu wa pampu?

Kila masika ikianza swali linarudi lile lile, "jamani dawa gani ya mende ni nzuri?", na majibu yanamiminika, huyu anasema jeli, yule kopo, mwingine asidi ya boriki na sukari, mwingine anakwambia achana na hayo yote ita watu wa fumigesheni wamalize kazi. Kiukweli wote wanaweza kuwa sahihi na wote wanaweza kukupotezea hela, kwasababu hakuna hata mmoja aliyekuuliza mende wako ni yupi. Huku pwani, iwe Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa, joto halina likizo na asubuhi nyingi unyevu wa hewa unapita asilimia 80, na ndani ya nyumba tunapambana na mende wa aina mbili hasa, na hawa wawili hawamalizwi kwa njia moja. Kwahiyo kabla ya kulinganisha dawa tulinganishe mende wenyewe, hapo ndo watu wengi wanaporuka.

Mende mdogo, yule kitaalamu anaitwa wa Kijerumani, ana urefu wa sentimita moja na nusu hivi, kahawia iliyopauka, na nyuma ya kichwa ana mistari miwili myeusi inayoonekana vizuri ukimmulika. Haruki. Anaishi humo humo jikoni kwako, kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji pale kwenye mota, chini ya plati za jiko la gesi, mpaka ndani ya maikrowevu kwenye saa yake ile, na ufa wa milimita moja na nusu unamtosha kupita. Jike anatembea na kifuko cha mayai nyuma yake mpaka karibu kabisa na kuangua, na kifuko kimoja kina mayai 30 mpaka 40, afu kwa joto letu hili vitoto vinakuwa mende wazima ndani ya miezi miwili mitatu. Fanya hesabu mwenyewe.

Mende mkubwa, wa Kimarekani wanavyomwita, ni sentimita 4 hivi, mwekundu wa kahawia, ana ukingo wa manjano hafifu nyuma ya kichwa, na usiku wa joto kali anaruka kweli, ndo yule anayefanya watu wapande juu ya makochi. Huyu kwake si jikoni, kwake ni chemba, shimo la choo, mtaro, chini ya mfuniko wa zege uliopasuka. Ndani kwako anakuja kutembea tu, anapita bafuni kwenye tundu la maji, chini ya mlango, au pale bomba linapoingia ukutani na fundi hakuziba. Kifuko chake kina mayai 14 mpaka 16, anakidondosha au anakigandisha sehemu yenye unyevu, kinakaa wiki sita mpaka nane ndo kiangue, na kitoto kinaweza kuchukua karibu mwaka kukomaa. Anazaliana taratibu ukimlinganisha na mdogo, ila shimo zima liko nyuma yake.

Kujua una yupi amka saa nane usiku uwashe taa ya jikoni kwa ghafla, ukiona vidogo vinakimbilia kwenye kabati na vingine vidogo zaidi havina hata mbawa, huyo ni mdogo na tayari anazaliana ndani. Ukiona kubwa moja moja karibu na tundu la bafuni basi, tatizo lako liko nje. Mtego wa gundi uliowekwa chini ya sinki usiku unakupa jibu hilo hilo bila kuvunja usingizi. Angalia pia vinyesi, mdogo anaacha vidoa vyeusi kama pilipili manga ya kusaga kwenye kona za kabati, mkubwa kinyesi chake ni kikubwa mtu anaweza kudhani panya kapita.

Haya, jeli na kopo.

Kopo la kupuliza lina sifa moja kubwa, unamuona adui anakufa mbele yako, na ndo maana linauzika kila duka. Dawa iliyomo kwenye makopo mengi ni ya ukoo ulioigwa kutoka kwenye pareto, lile ua jeupe linalolimwa Mufindi, Njombe na huko Kenya, yaani viwandani wameiga sumu ya ua wakaifanya idumu zaidi. Inapiga mishipa ya fahamu ya mdudu, anapinduka mgongo chini hapo hapo. Shida inakuja kwa mende mdogo. Kwanza huyu amejenga usugu kwa dawa za ukoo huu sehemu nyingi sana duniani, unapuliza anayumba kidogo anaingia ndani ya kabati, kesho yuko pale pale. Pili harufu ya dawa inawakurupusha, wale ambao haijawapata vizuri wanahama, jana walikuwa jikoni leo wako nyuma ya tivii na chumbani kwa watoto, na kama ni apatimenti wanahamia kwa jirani kisha wanarudi. Tatu dawa haipenyi kwenye kifuko cha mayai, kwahiyo hata siku ukiua wazima wote, baada ya wiki kadhaa kizazi kipya kinatoka kana kwamba hujafanya kitu.

Jeli inafanya kazi kinyume kabisa na hapo. Ni chakula kitamu kilichotiwa sumu ya polepole, mara nyingi fipronil, imidakloprid au indoksakarb, mende anakula, hafi hapo, anarudi kwao kwenye ufa na anafia ndani. Na mende mdogo ana tabia ya kula kinyesi na mizoga ya wenzake, hasa vile vitoto visivyotoka nje, kwahiyo sumu inawafuata mpaka walipo bila wewe kuwaona. Mtu wa kopo anahesabu mizoga sakafuni, mtu wa jeli siku ya tatu ya nne bado anaona mende wanatembea mchana wakiwa wamelegea na anadhani dawa ni feki. Subiri. Wiki mbili ndo uanze kuhukumu.

Kupaka nako kuna namna yake. Tone liwe dogo, kama punje ya dengu au chini ya hapo, na matone mengi madogo yanashinda matone machache makubwa. Weka kwenye bawaba, ndani kwenye kona za juu za kabati, chini ya droo, pembeni ya mota ya friji lakini si juu ya chuma cha moto chenyewe, nyuma ya jiko, pale bomba la sinki linapoingia ukutani. Usiweke unapokatia nyanya wala unapoanikia vyombo. Na ukishaweka jeli, naomba sana, weka kopo pembeni, usipulize maeneo hayo na usifute hapo kwa Jik au sabuni yenye harufu kali, maana mende akikuta harufu ya dawa hasogelei chakula na hela yako imekauka pale pale. Hili ndo kosa linaloua sifa ya jeli mitaani, mtu anapaka asubuhi, jioni anaona mende mmoja, anavuta kopo.

Kwa hali ya hewa yetu jeli ina faida na hasara zake. Sehemu kavu jeli inakakamaa mapema, huku kwetu inabaki laini muda mrefu na mende anaendelea kula. Ila chini ya sinki penye maji maji inaota ukungu, na sisimizi wakiigundua wanaimaliza. Ndo maana sehemu hizo ni vizuri kupaka juu ya kipande cha seloteipu kilichobandikwa ukutani, ikiharibika unabandua unaweka nyingine. Kagua kila wiki, palipoliwa ongeza. Na kama jeli ilifanya kazi mwanzo kisha wameanza kuikwepa, badilisha yenye sumu nyingine na utengenezaji mwingine, kwasababu kuna mende wadogo wamefikia hatua ya kukataa sukari ya glukosi yenyewe, watafiti waliwaripoti Florida tangu 1993.

Sasa kwa mende mkubwa geuza maelezo. Jeli anaila ndio, ila utalisha wangapi wakati chemba nzima iko nje? Kwake kopo au dawa ya maji ya kupuliza kwa pampu ina maana zaidi, unapuliza ukingo wa mfuniko wa chemba, vizingiti vya milango ya nyuma na kuzunguka matundu, na usugu kwake si balaa kama kwa mdogo. Lakini kinachomshinda kuliko dawa yoyote ni wavu na saruji. Mfuniko wa chemba uliopasuka uzibwe kwa saruji, bomba la kupumulia la shimo la choo livalishwe wavu wa mbu, tundu la bafuni liwe na kichujio chenye matundu madogo, na kwenye bafu la wageni lisilotumika umwage maji kidogo kila wiki, kwasababu yale maji yanayokaa kwenye kona ya bomba ndo mlango wenyewe, yakikauka njia iko wazi mpaka chemba. Wapo wanaomwaga mafuta ya taa kwenye matundu. Yanaharibu shimo na yanaingia ardhini tunakochimba visima, tafadhali acheni. Na maji yanayochemka ukimwaga mara kwa mara yanalainisha mabomba ya plastiki, utaua mende watano utengeneze uvujaji utakaowalisha mia.

Ukiona kinyigu cheusi chenye macho ya bluu na kitumbo kidogo kinachopigapiga juu chini kinatembea ukutani bafuni, usikiue, hakiumi watu, kinataga ndani ya vifuko vya mende wakubwa na mtoto wake anakula mayai yote yaliyomo.

Asidi ya boriki au chaki? Boriki, bila kufikiria mara mbili, ila kwa masharti. Ni ule unga mweupe ambao wacheza keram wengi wanaujua, unamwagwa ubaoni kete ziteleze, ingawa siku hizi kuna poda za ubao zisizo na boriki kwahiyo soma pakiti kwanza. Mende akipita juu yake unamganda miguuni, anajilamba, baada ya siku kadhaa anakufa. Hauna harufu ya kumfukuza na ukibaki mkavu unadumu muda mrefu sana. Neno ni huo ukavu. Huku pwani ukiunyunyiza chini ya sinki baada ya siku chache umeganda kama plasta na mende anapita pembeni. Uweke sehemu kavu, nyuma ya kabati, kwenye uwazi wa chini ya kabati za jikoni, nyuma ya rafu za stoo, na uwe mwembamba kiasi kwamba unauona kwa shida, ukilundika chungu mende anazunguka. Vile vidonge vya boriki, unga wa ngano na sukari vinafanya kazi kiasi, lakini kwa unyevu huu vinaota ukungu upesi na mtoto anaweza kudhani ni kashata, kwahiyo nyumba yenye mtoto anayetambaa mimi siviweki kabisa.

Chaki ni dawa ya ukoo ule ule wa kopo iliyokandwa ikawa chaki, kwahiyo usugu ni ule ule, na inafanana na chaki ya shule. Mtoto wa miaka mitatu hana namna ya kujua tofauti. Marekani kuiuza ni kosa kisheria kwasababu haijasajiliwa. Sioni sababu ya kuiingiza ndani.

Magadi ya kuumulia na sukari, majani ya mchaichai, karafuu kwenye kabati, hivi sitavikalia sana, harufu inaweza kumsogeza mende kutoka droo hii kwenda ile lakini haimalizi kiota. Maji ya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye chupa ya kupuliza ndo yanafaa, yakimlowanisha vizuri yanaziba matundu yake ya kupumulia anakufa, hakuna sumu, ni kwa yule mmoja uliyemkuta juu ya meza.

Dawa za kupimiwa kwenye chupa ya soda au kichupa kisicho na lebo sizilinganishi na chochote. Hujui ndani kuna nini, hujui ilikusudiwa nyumba au shamba. Baadhi ya sumu za shambani kama diklovosi ziko kwenye kundi la sumu kali sana kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, zinapita kwenye ngozi na kwenye pumzi, mtu anatokwa jasho na mate, mboni za macho zinakuwa ndogo, pumzi inabana. Mtu akiwa na dalili hizo mtoe nje kwenye hewa, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni, mkimbize hospitali pamoja na hicho kichupa. Na ukinunua dawa yoyote angalia kwenye lebo usajili wa mamlaka ya viuatilifu, Tanzania ni TPHPA, Kenya ni PCPB.

Tuje kwenye maji, na hapa kama una hela ya kitu kimoja tu ningekwambia mpe fundi bomba. Mende mdogo akiwa na maji bila chakula anaweza kukaa mwezi hivi, akikosa maji hata chakula kikiwepo wiki mbili ni nyingi kwake. Na hewa yetu yenye unyevu inamsaidia, mwili wake haukauki haraka, kwahiyo tone moja la usiku linamtosha. Vuta friji mbele, chungulia nyuma chini, juu ya kompresa kuna kitrei kinachopokea maji yanayotiririka kutoka ndani. Pale pana joto, giza na maji kwa pamoja, na kwenye nyumba nyingi hakijaguswa tangu friji inunuliwe, utakuta maji yana utando, na kwenye kingo vifuko vya mayai vitupu vimekauka. Chomoa friji, kifute kikauke, halafu tone la jeli pembeni yake. Kisha chukua tishu kavu uzungushe kwenye nati za bomba la chini ya sinki, ikilowa ujue panavuja, ringi ya mpira ni bei ndogo. Dekio usiliache limelowa ndani ya ndoo usiku, ndoo za maji ya akiba zifunikwe, sinki ifutwe ikauke kabla ya kulala, na mchana acha milango ya kabati wazi hewa ipite.

Mtu wa pampu, yaani yule wa fumigesheni, je? Anafaa pale mende wameshaingia kila chumba, au nyumba ina chemba kubwa za pamoja. Kabla hajaanza muulize dawa inaitwaje, atarudi lini, na kama anatumia jeli jikoni au anapuliza kila kitu. Anayekwambia mara moja tu na hamtaona mende tena mwaka mzima muache aende, mayai ya mende mdogo yaliyobaki yataangua ndani ya mwezi, kwahiyo ziara ya pili baada ya wiki mbili mpaka nne ni lazima iwe kwenye makubaliano. Vyombo na vyakula vifunikwe au vitoke, wenye pumu, wajawazito na watoto watoke mpaka pakauke na madirisha yafunguliwe vya kutosha. Pumu naitaja kwa makusudi, vumbi la vinyesi na maganda ya mende lenyewe linachochea pumu, kwahiyo baada ya kuwaua futa kwa kitambaa cha maji, usifagie vumbi likapaa.

Kwa nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi na korido moja, mende mdogo hawezi kuisha chumba kimoja kimoja. Ukipuliza wewe wanahamia kwa mama wa pembeni, akipuliza yeye wanarudi kwako. Bora mchange hela mnunue sindano chache za jeli (zile za plastiki inamouzwa) mpake siku moja vyumba vyote, kopo lipumzike kwa wote, na chemba ya uani apewe taarifa mama mwenye nyumba kwasababu hiyo si gharama ya mpangaji. Kwa mama ntilie au kibanda cha chipsi ni jeli na ukavu tu, kupuliza juu ya sufuria na makapu ya nyanya hapana. Nyumba ya kujitegemea yenye choo cha nje na mende wakubwa tupu, anza na wavu na saruji, dawa ya kupuliza nje ifuate, jeli hata usinunue kwanza.

Na kama mende wadogo wameanza ghafla kwenye nyumba iliyokuwa safi, fikiria kilichoingia karibuni. Mara nyingi ni friji ya mtumba, maikrowevu ya kununua kwa mtu, au maboksi kutoka sokoni, kule ndani ya mikunjo ya boksi wanakaa vizuri sana. Friji ya mtumba ikaguliwe kwa tochi pale pale dukani, kitrei cha nyuma, raba ya mlango, kifuniko cha mota, ukiona vidoa vyeusi au kifuko usitoe hela. Kama umeshailipia, ipakwe jeli na ikae barazani wiki mbili tatu ndo iingie, na maboksi yafunguliwe nje yabaki huko huko.